Usukani wa foklifti umekuwa mzito: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Malalamiko huja kwa maneno matatu: "Fundi, usukani mzito." Ukiyachukua hivyo hivyo na kukimbilia spana, kuna njia rahisi sana ya kupoteza fedha. Unabadilisha pampu, usukani unabaki mzito. Unabadilisha orbitroli (valvu ya chini ya nguzo ya usukani inayopima na kugawa mafuta), bado. Mwisho unagundua kwamba kingpini ya kushoto, ile pini ambayo gurudumu hugeukia, ilikosa grisi muda mrefu hadi beringi zikashika kutu, na vile vipuri viwili ulivyong'oa vilikuwa vizima.

Swali linaloongoza kazi yote ni moja: je, kuna kitu kinachogoma kugeuka, au nguvu ya mafuta ndiyo haifiki? Ugumu wa aina ya kwanza unakaa kwenye tairi, ekseli ya nyuma na nguzo ya usukani. Wa aina ya pili unakaa kwenye mafuta, pampu, valvu, orbitroli na silinda. Hatua za hapa chini zimepangwa ili upate jibu hilo mapema, kabla hujafungua bomba hata moja. Nazungumzia zaidi foklifti za injini, ziwe za dizeli, petroli au gesi, zenye usukani wa haidroliki. Za betri zina sehemu yake karibu na mwisho.

## Mafuta yanavyogeuza magurudumu

Kwenye foklifti nyingi hakuna fimbo wala gia inayounganisha usukani na magurudumu. Nguzo ya usukani inashuka hadi kwenye orbitroli, na hapo ndipo chuma kinapoishia. Kuanzia hapo ni mafuta tu.

Pampu inavuta mafuta tangini na kuyasukuma hadi kwenye valvu ya kipaumbele. Valvu hii inahakikisha usukani unapata mgao wake kwanza, na kinachobaki kinakwenda kuinua na kuinamisha mlingoti, yaani fremu ya mbele inayobeba uma. Ukizungusha usukani, orbitroli inapima kiasi cha mafuta kulingana na ulivyozungusha na kukipeleka upande mmoja wa silinda iliyolala kwenye ekseli ya nyuma. Mafuta ya upande wa pili yanarudi tangini. Silinda hiyo ina fimbo pande zote mbili, na kila fimbo inasukuma kiungo kinachogeuza kiwiko kinachobeba gurudumu. Kiwiko nacho kinazunguka kwenye kingpini.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wa magari wazoefu hulisahau wakija kwenye foklifti: magurudumu yanayogeuka yako nyuma, chini ya ule uzito wa chuma unaosawazisha mzigo. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe hukaribia tani 4, na ikiwa tupu zaidi ya nusu ya uzito huo umelalia ekseli ya nyuma. Ikibeba mzigo, uzito unahamia mbele na ekseli ya nyuma inapata nafuu. Kwa hiyo usukani unatakiwa kuwa mzito zaidi foklifti ikiwa tupu na imesimama, na mwepesi zaidi ikiwa na mzigo inatembea.

Dereva akikuambia "unakuwa mzito nikiwa na mzigo," usimpuuze, lakini mwulize zaidi. Mara nyingi anamaanisha unakuwa mzito anapoinua mzigo huku anakata kona. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili linakupeleka moja kwa moja kwenye valvu ya kipaumbele au kwenye upungufu wa mafuta.

## Kabla ya kugusa chochote

Simamisha foklifti mahali tambarare. Shusha uma hadi chini, mlingoti uwe wima, funga breki ya mkono, gia iwe huru, kisha weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Ondoa ufunguo na utundike kibao kwamba mashine iko kwenye matengenezo. Mashine yenye usukani unaokwama haifanyi kazi "kidogo tu tumalizie lori hili."

Mafuta ya haidroliki yenye presha yanaweza kupenya ngozi kupitia tundu usiloliona kwa macho. Usipapase bomba kwa mkono kutafuta linapovuja. Pitisha kipande cha boksi. Mtu akichomwa na mafuta hayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama anachoona ni kijitundu kisichouma, kwa sababu madhara hutokea ndani saa kadhaa baadaye.

Jeki iwe na uwezo wa kubeba nyuma ya mashine na iwekwe pale kitabu cha mashine kinapoonyesha. Ukishainua, weka magogo ya mti mgumu au stendi imara. Usiingize mkono wala kichwa chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake.

## Hatua ya kwanza: maswali kwa dereva

Dakika tano za mazungumzo zinaweza kuokoa nusu siku. Usiulize "shida ni nini," uliza lini na vipi.

Umekaza ghafla au taratibu? Ghafla maana yake kitu kimevunjika, kimeziba au kimenasa: uchafu kwenye valvu, shafti ya pampu iliyokatika, bomba lililopasuka ndani. Taratibu, kwa wiki au miezi, maana yake kuchakaa, kukauka grisi au chujio kuziba.

Unakuwa mzito asubuhi kisha unalainika? Mafuta ni mazito kuliko yanayotakiwa, au chujio la kuvutia linapitisha kwa shida mafuta yakiwa baridi. Ni kinyume, asubuhi mzuri na mchana mzito? Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na kupita kwenye nafasi zilizochakaa ndani ya pampu, orbitroli au silinda. Dalili hii ya pili ndiyo ya kuchakaa hasa, na ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa ukiipima mashine ikiwa baridi kila kitu kinaonekana kizima.

Ni mzito injini ikiwa kwenye mwendo wa chini tu? Angalia kwanza kama mwendo huo ni sahihi, kisha fikiria pampu iliyochoka. Ni mzito ukikanyaga mafuta, lakini mwororo injini ikipumua polepole? Hapo bomba la kuvutia kutoka tangini linaweza kuwa limelegea na kujibana pampu inapovuta kwa nguvu.

Upande mmoja au pande zote mbili? Pande zote ni jambo la jumla. Upande mmoja ni bomba la upande huo, valvu ndogo ya kuzuia mshtuko ya upande huo, au kitu cha chuma kilichopinda.

Na hili ambalo wengi hawaliulizi: unakuwa mzito ukizungusha haraka tu, au hata ukizungusha taratibu? Ukiwa mwepesi taratibu na mzito haraka, mafuta yanafika lakini ni machache. Tafuta upande wa wingi, yaani pampu, chujio, valvu ya kipaumbele. Ukiwa mzito hata ukizungusha taratibu kabisa, presha haitoshi au kuna kitu kimekamata.

## Hatua ya pili: mafuta

Pima kiwango cha mafuta uma zikiwa chini. Ukipima mlingoti ukiwa juu, sehemu ya mafuta imo ndani ya silinda za kuinulia na kijiti kitakudanganya kuwa yamepungua. Ukiongeza, yatamwagika uma zikishuka. Kwa upande mwingine, mafuta yakiwa yamepungua kweli, dalili hujitokeza pale mlingoti unapokuwa juu. Tangi linabaki na mafuta kidogo, pampu inaanza kuvuta hewa, na usukani unakuwa mzito au unarukaruka.

Yatazame mafuta yenyewe. Povu ni hewa inayoingia upande wa kuvuta: klampu iliyolegea, bomba lenye ufa, sili ya shafti ya pampu. Rangi ya maziwa ni maji. Weusi wenye harufu ya kuungua ni mafuta yaliyopikwa, na mara nyingi kuna valvu inayovujisha presha kila wakati na kuzalisha joto. Foklifti nyingi hutumia mafuta ya daraja la 32 au 46, lakini zipo zinazotaka mafuta ya gia otomatiki. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Kuchanganya kwa sababu "yote ni mafuta" kunaweza kuharibu sili.

Sikiliza pampu. Mlio mwembamba wa kulia, hasa ukiongeza mwendo wa injini, ni wa pampu inayonyimwa mafuta: chujio la ndani ya tangi limeziba au bomba la kuvutia limejibana. Mlio wa kukwaruza pamoja na povu ni hewa.

Chujio la kurudishia likitoka, usilitupe kabla ya kulipasua. Kunjua karatasi yake juu ya sehemu nyeupe na upitishe sumaku. Chembe zinazonata kwenye sumaku ni chuma kutoka kwenye gia za pampu au ndani ya orbitroli. Vipande vya rangi ya shaba visivyonata hutoka kwenye bushi na sahani za pampu. Vipande vyeusi laini ni mpira wa sili au utando wa ndani wa bomba. Karatasi hiyo inaweza kukwambia kipuri gani kinakufa kabla geji ya presha haijatoka kwenye boksi.

## Hatua ya tatu: tairi na sakafu

Hapa pita haraka, ila usiruke. Tairi za upepo za foklifti hujazwa sana kuliko za gari dogo, mara nyingi bar 7 hadi 10, na ikipungua usukani unakuwa mzito papo hapo. Soma kiwango kwenye kibao cha mashine. Jaza ukiwa umesimama pembeni, kamwe usisimame mbele ya rimu, na kama rimu ni ya vipande viwili toa upepo wote kabla ya kugusa nati yoyote. Tairi ngumu zisizo na upepo ziangalie kama zimelika upande mmoja au ni za saizi isiyo yake.

Hata mashine nzima itaonekana nzito ukiigeuza ikiwa imesimama juu ya zege kavu lenye kukwaruza. Jaribu ikiwa inatembea polepole kabla ya kutoa hukumu.

## Hatua ya nne: injini imezimwa, injini inawaka

Hili ni jaribio la bure. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani. Orbitroli nyingi hufanya kazi kama pampu ya mkono injini ikizima, kwa hiyo magurudumu yanaweza kusogea lakini kwa nguvu nyingi. Kumbuka uzito huo mikononi. Sasa washa injini na uzungushe tena.

Kama hakuna tofauti kabisa, orbitroli haipati mafuta ya pampu: pampu haizunguki au imekufa, valvu ya kipaumbele imenasa, au mafuta yote yanatoroka kupitia valvu ya kuachia presha, ile inayofunguka presha ikizidi. Kama kuna tofauti lakini bado mzito, msaada upo ila hautoshi, au kuna ukinzani wa chuma.

Ukiwa bado umekaa kwenye kiti, inua mlingoti bila mzigo, kisha ukiwa na mzigo unaoruhusiwa. Kwenye mashine yenye pampu moja kwa kazi zote, mlingoti ukipanda kwa kasi na nguvu yake ya kawaida umeshaisafisha pampu na jina lake. Kuinua mzigo kunahitaji presha kubwa kuliko kugeuza magurudumu. Pampu inayomudu hilo haiwezi kushindwa na usukani. Tatizo liko kwenye tawi la usukani peke yake. Mlingoti nao ukiwa mvivu, rudi kwenye pampu na njia ya kuvutia.

## Hatua ya tano: inua nyuma

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu inadai jeki na magogo. Inua ekseli ya nyuma hadi magurudumu yote mawili yaning'inie, weka magogo, kisha washa injini na uzungushe usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Ukiwa mwororo kabisa hewani, na mzito chini tu, mara nyingi chuma ni kizima. Tafuta presha, ila usisahau tairi. Ukiwa mzito hata hewani, kuna kitu kinagoma.

Zima injini. Toa pini zinazounganisha fimbo za silinda na viungo vya magurudumu, kisha geuza kila gurudumu kwa mkono. Linatakiwa kwenda mwisho hadi mwisho bila kukwama, bila kukwaruza, bila kuchezacheza juu na chini. Gurudumu linalogoma lina kingpini iliyokauka au beringi iliyovunjika.

Kabla ya kuagiza beringi, safisha eneo lote. Kwenye maghala, nailoni ya kufungia mizigo na mikanda ya plastiki huvutwa na tairi na kujisokota kuzunguka kingpini hadi inakuwa donge gumu kama mti, limefunikwa grisi na vumbi, na mtu anayetazama kwa tochi anadhani ni sehemu ya ekseli. Likate kwa kisu, vuta, halafu tazama sili ya chini kama limeila.

Grisi ipigwe magurudumu yakiwa yameinuliwa. Yakiwa chini, beringi inayobeba uzito imebanwa na grisi haipenyi upande unaoihitaji. Piga hadi grisi ya zamani itoke na mpya ionekane. Nipeli (kichuchu cha kupitishia grisi) isiyopokea grisi itoe, uisafishe au ubadilishe. Nipeli iliyoziba na kupakwa grisi kwa nje imewadanganya wakaguzi wengi.

Fimbo ya silinda iangalie kwa kuweka rula ya chuma kando yake. Iliyopinda husogea vizuri kisha inakaza sehemu moja ileile. Hapo kuna alama ya kukusaidia: kama mkazo unajirudia kila usukani unapozunguka mara moja, uko kwenye nguzo ya usukani au kiungo chake cha msalaba. Kama unatokea magurudumu yakifika pembe fulani tu, uko kwenye ekseli au silinda.

Nguzo yenyewe ipime kwa kuitenganisha na orbitroli. Boliti zinazoshika orbitroli kwenye nguzo kwa kawaida ni chache, na unaweza kuishusha bila kufungua mabomba. Usukani sasa unatakiwa kuzunguka kwa kidole kimoja. Usipozunguka, beringi za nguzo zimekufa, au shafti imepishana na orbitroli kwa sababu boliti zilikazwa upande mmoja kwanza.

## Hatua ya sita: geji

Ikiwa chuma kimejibu kwamba ni kizima, sasa funga geji. Tumia ya hadi bar 250 na kiungo cha njia tatu kwenye bomba linaloleta mafuta kwenye orbitroli. Safisha eneo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kufungua, na uendeshe mashine hadi mafuta yapate joto la kazi. Kipimo cha mafuta baridi hakina maana hapa.

Zungusha usukani hadi mwisho wa upande mmoja, ushikilie kwa nguvu kwa sekunde chache, si zaidi ya tano, soma geji, achia. Rudia upande wa pili. Ukishikilia muda mrefu, mafuta yote yanapita kwenye valvu ya kuachia presha na kuchemka. Kiwango sahihi kiko kwenye kitabu cha mashine. Kwa foklifti za tani 2 hadi 3 kwa kawaida huanzia karibu bar 70 na kuendelea hadi kupita 100.

Presha ikifika kiwango pande zote mbili na usukani bado mzito, na chuma ulishakipima, basi upungufu uko kwenye wingi wa mafuta. Presha ikiwa chini pande zote, shuku valvu ya kuachia presha ya usukani, valvu ya kipaumbele, sili ya pistoni ya silinda au orbitroli. Ikiwa chini upande mmoja tu, shuku valvu ya mshtuko ya upande huo. Sili ya pistoni ikivuja huathiri pande zote mbili, kwa hiyo usiilaumu kwa kosa la upande mmoja.

Geji ikiwa bado imefungwa, inua tena nyuma na uzungushe usukani magurudumu yakiwa hewani. Sindano inatakiwa kubaki chini hadi magurudumu yafike mwisho. Ikipanda yakiwa bado katikati ya safari, silinda inasukuma kitu kinachogoma, au bomba limeziba. Bomba la haidroliki linaweza kuwa zima kwa nje huku utando wake wa ndani umebanduka na kujifunga kama mlango wa upande mmoja. Mafuta yanapita kwenda na hayarudi. Bomba lenye mashaka libadilishe na ulipasue ulione.

Jaribu sana kuepuka kishawishi cha kukaza skrubu ya valvu ya kuachia presha bila geji. Usukani utalainika siku hiyo, halafu sili za silinda na bomba litakalopasuka vitakulipa.

## Hatua ya saba: nani anavujisha ndani

Anza na valvu ya kuachia presha na ya kipaumbele, kwa kuwa ni rahisi kufungua na hunasa uchafu kuliko kitu kingine. Toa pistoni ndogo ya valvu ya kipaumbele, ioshe kwa mafuta safi ya taa, tazama mikwaruzo na spiringi. Ikiwa kavu na safi inatakiwa kuteleza ndani ya tundu lake kwa uzito wake yenyewe. Usiisugue kwa msasa. Ukishaipunguza kidogo tu inavujisha milele. Bomba jembamba la kupeleka ishara ya presha kutoka orbitroli hadi valvu hii nalo lipulize: likibanwa au kuziba, valvu haijui kwamba usukani unahitaji mafuta, na dalili yake ni ule uzito unaotokea mlingoti unapofanya kazi.

Silinda inapimwa hivi. Zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na uzime injini. Fungua bomba la upande wa silinda usio na presha kwa wakati huo, lizibe kwa kifuniko cha chuma, na weka chombo chini ya tundu la silinda. Mwenzako awashe injini na ashikilie usukani kuelekea kulia kwa sekunde chache, wewe ukiwa pembeni. Matone machache si tatizo. Mafuta yakichuruzika mfululizo, sili ya pistoni imekwisha.

Silinda ikiwa nzima, ziba mabomba yote mawili yanayotoka orbitroli kwenda silinda kwa vifuniko vya chuma vinavyostahimili presha, washa injini kwa mwendo wa chini na ujaribu kuzungusha usukani. Unatakiwa kukataa, pengine usogee taratibu sana. Ukizunguka kirahisi, orbitroli inavujisha ndani. Usizibe kamwe bomba linalotoka kwenye pampu kabla ya valvu ya kuachia presha; pampu haina pa kupeleka mafuta na itapasua kitu.

Kuhusu orbitroli: ikivuja nje, sili mpya zinatosha. Ikiwa imechakaa ndani, napendelea kuibadilisha nzima. Inarekebishika, lakini gia yake ya ndani na shafti zina alama za kupangwa, na ukikosea jino moja tu usukani unaweza kuzunguka wenyewe kwa nguvu injini ikiwashwa. Mabomba yaliyobadilishana nafasi nayo huleta balaa hilo. Kwa hiyo andika alama kwenye kila bomba kabla ya kulitoa, na siku ya kuwasha mara ya kwanza usiingize mkono kati ya mikono ya usukani.

## Foklifti za betri

Nyingi zina mota ndogo ya peke yake inayozungusha pampu ya usukani. Anza kwa kusikiliza: mota inawaka? Mara nyingi huamshwa na swichi ya kiti au ya pedali, na swichi ya kiti iliyochoka inaweza kuua usukani huku kila kitu kingine kikifanya kazi. Isipowaka, angalia fyuzi, kontakta na swichi hiyo. Ikiwaka polepole, pima volti kwenye ncha za mota ikiwa inafanya kazi, kisha linganisha na volti za betri wakati huohuo. Tofauti kubwa ni kebo au mguso ulioungua. Volti zikiwa sawa na mota bado mvivu, tazama kaboni zake. Betri iliyoishiwa chaji nayo hulegeza usukani, hivyo pima ikiwa imejaa.

Zile zenye usukani wa umeme mtupu, bila mafuta, humweka dereva gizani: soma kwanza msimbo wa hitilafu kwenye kioo, kwa kuwa sensa ya usukani au ya pembe ya gurudumu ikikosea, kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi. Lakini hata hizo zina beringi na plastiki iliyojisokota. Kuinua gurudumu na kuligeuza kwa mkono kunabaki kuwa jaribio muhimu.

## Baada ya ukarabati

Toa hewa magurudumu yakiwa bado yameinuliwa: zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara kadhaa, injini kwenye mwendo wa chini, bila kushikilia mwisho. Tazama mafuta tangini, ongeza, rudia hadi povu liishe na usukani usirukeruke. Shusha mashine, jaribu ikiwa tupu kwenye zege, kata kona za namba nane pande zote, kisha inua mlingoti huku unageuza. Mwache dereva mwenyewe ajaribu pia, kwa sababu mikono yake ndiyo inayoujua uzito wa zamani.

Andika presha uliyopata na joto la mafuta kwenye kadi ya mashine. Malalamiko yakirudi utakuwa na cha kulinganisha. Na kama kilichobadilishwa ni pampu iliyovunjika, vipande vyake bado vimo kwenye mabomba na tangi hata baada ya kuosha. Weka chujio jipya siku hiyo, lifanye kazi siku chache, kisha lipasue nalo na upitishe sumaku tena.